Mjadala: Akili mnemba kwenye masomo ya udaktari ipewe kazi gani?

Wadau, wapo wanaotaka programu za mazungumzo kama ChatGPT zipigwe marufuku vyuo vyote vya udaktari. Wapo pia wanaosema mwanafunzi azitumie apendavyo, maana kesho atazikuta wodini. Msimamo wangu: tuzipe kazi ya mgonjwa na ya mtahini, tusizipe kazi ya daktari.

Wanaozitetea huanzia kwenye mitihani. Ni kweli, utafiti uliochapishwa 2023 ulionyesha ChatGPT ikifikia au kukaribia alama ya kufaulu, takriban asilimia 60, kwenye mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani. Sibezi hata kidogo. Lakini litazameni swali la mtihani: umri umeandikwa, dalili zimepangwa, majibu ya vipimo yapo. Kazi ngumu alishaimaliza mtunga swali.

Mgonjwa hajielezi hivyo. Bibi mwenye kisukari anakuja akilalamikia uchovu na kichefuchefu, kifua hakimuumi. Huenda ni mshtuko wa moyo, kwa sababu kisukari cha miaka mingi huweza kudhoofisha neva hadi maumivu yasisikike. Mwanafunzi asipouliza habari za kisukari, asipoliona lile jasho usoni, ataandika "uchovu na kichefuchefu", naye atajibiwa uchovu na kichefuchefu. Programu haiwezi kujua alichosahau kuuliza. Hilo linanitisha kuliko hata tabia yake ya kubuni marejeo ya makala zisizokuwepo, kwa lugha ileile ya kujiamini. Daktari mzoefu atashtuka. Wa mwaka wa pili atashtukia kwa kipi?

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoipa uzito: wakufunzi ni wachache, na wanafunzi kumi hawawezi kumhoji mgonjwa mmoja anayeumwa, kila mmoja kwa zamu yake. Sawa kabisa. Basi mwanafunzi aiambie programu ijifanye mgonjwa anayeficha kwamba ameacha dawa za shinikizo la damu, amhoji mpaka limtoke. Akikosea, hakuna aliyeumia. Kisha aandike mwenyewe magonjwa anayoyashuku na sababu zake, ndipo aiombe imkosoe. Utaratibu huo usigeuzwe: akiliona jibu kwanza, hatashuku tena, atathibitisha tu. (Majina, picha na vipimo vya wagonjwa halisi visiingizwe humo, hapo mimi sina mjadala.)

Sasa mnaotaka ruhusa isiyo na mipaka, nijibuni: mwanafunzi huyu atajifunza lini kushuku ugonjwa kabla hajaonyeshwa orodha? Na ninyi wa marufuku, mtamzuiaje aliye na simu mkononi saa nane za usiku, mtihani ukiwa asubuhi?