Tupeane uzoefu: madishi ya zamani Arusha na Moshi, nani kayarudisha kazini kwa chaneli za bure?

Mkazi wa Sakina

Wakuu, salaam. Nimeanzisha hii mada kwa sababu madishi yanaishia kwenye mizani ya skrepa na wenye nayo hawajui wanauza nini. Dishi halizeeki. Ni bati lililopewa umbo maalumu ili mawimbi yote yakiligonga yarudi na kukutana sehemu moja, pale inapokaa LNB, kile kichwa kidogo cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi na kuyapeleka kwenye waya. Kama halijapinda, lililofungwa miaka ya tisini linafanya kazi sawasawa na lililotoka dukani leo. Vinavyokufa ni LNB, waya na risiva, na vyote hivyo vinanunulika.

Huku kwetu yapo ya aina mbili. Kuna yale makubwa ya futi sita na nane, yaliyowekwa kwenye misheni, mahoteli na baa enzi hizo, na kuna madogo ya sentimita 60 hadi 90 yaliyokuja na ving'amuzi vya kulipia. Mtu akishindwa kulipa kifurushi, kile kidogo kinabaki juu ya bati kinaota kutu, na mwenye nyumba anaamini bila kulipa hakuna kitu. Si kweli. Zipo chaneli nyingi angani zinazorushwa wazi: za dini, za habari za kimataifa, za muziki. Ukiwa na risiva ya kawaida, hudaiwi na mtu.

Halafu sisi tuna bahati ya anga. Setilaiti za TV zimepangwa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na sisi tuko kama nyuzi tatu na nusu tu kusini ya ikweta. Kila moja huitwa kwa longitudo ilipokaa. Ile ya nyuzi 36 mashariki iko karibu kabisa na utosi wetu. Ya 68.5 mashariki, ambako Intelsat 20 imekaa tangu ilipochukua nafasi ya zilizotangulia baada ya kurushwa 2012, iko upande wa mashariki, umeinua macho kama nyuzi 53. Ya nyuzi 7 mashariki inawachanganya watu: jina linasema mashariki lakini kwetu dishi linatazama magharibi, kwa sababu sisi tuko longitudo ya nyuzi 36 na 37 mashariki. Kwa hiyo mtu wa Moshi akitaka 68.5 atazame Himo, akitaka 7 atazame Boma Ng'ombe. Wa Arusha anayetaka 68.5 autazame mlima Kilimanjaro, kisha asogee kulia kwake kidogo.

Karibuni mseme: dishi lako lina ukubwa gani, umelielekeza wapi, na nini kilikusumbua. Ila mambo ya seva za kufungulia chaneli za kulipia tusiyalete hapa. Huo ni wizi, na kuna vya halali vya kutosha.

Fundi wa Pasua

Mkuu umegusa kazi yangu. Nina dishi la sentimita 180 nililopewa kwenye boma moja Kibosho. Bakuli lilikuwa zima lakini mikono mitatu ya kushikia LNB ilishang'olewa zamani, na hapo ndipo wengi hukata tamaa kwa sababu hawajui LNB ikae umbali gani.

Inapimika. Vuta kamba kutoka ukingo mmoja wa dishi hadi mwingine ikipita katikati, ikaze. Huo ni upana. Kisha pima kutoka kwenye kamba hadi kitovu cha dishi. Hicho ni kina. Chukua upana mara upana, gawanya kwa kina mara 16. Langu lina upana 180 na kina 30: 180 mara 180 ni 32,400, gawanya kwa 480, unapata sentimita 67 na nusu. Nikachomelea mikono mipya kwa nondo nyembamba, mdomo wa LNB ukakaa hapo. Acha nafasi ya kuisogeza mbele na nyuma sentimita moja mbili, kwa sababu sehemu yenyewe iko ndani kidogo ya mdomo, na kila LNB ina yake.

Jingine. Tulio karibu na ikweta hatuwezi kufuata video za watu wa Ulaya zinazoonyesha LNB imesimama wima. Ukilenga 68.5 au 7 kutoka hapa, LNB inazungushwa karibu robo mzunguko, nyuzi 80 na kitu. Nimekuta watu wanahangaika na nati za dishi mchana kutwa, kumbe dishi liko sawa na LNB ndiyo imekaa vibaya. Legeza kola inayoibana LNB, zungusha taratibu ukiangalia kwoliti, yaani ubora wa mawimbi, kwenye TV. Namba ile nyingine inayoonyesha nguvu isikudanganye, hata ukilenga ukuta inapanda.

Chalii wa Ngarenaro

Shikamooni wakubwa. Mimi nina kale kadogo ka sentimita 80 tu, kameachwa na mpangaji aliyehama. Kanafaa au nikaache?

Mkazi wa Sakina

Marahaba mdogo wangu. Kanafaa, ila kwa Ku band peke yake. Setilaiti hurusha kwa masafa ya aina mbili, Ku na C. Mawimbi ya Ku ni mafupi, yanatosheka na dishi dogo. C band ni ya mawimbi marefu na inataka futi sita kwenda juu ndipo picha itulie. Nunua LNB ya Ku ya universal, na kwenye menyu ya risiva, sehemu ya masafa ya LNB, uandike 9750 na 10600. Ungekuwa na ya C band ungeandika 5150. Kwanza iangalie LNB aliyoacha huyo mpangaji: kuna zile zinazolisha dekoda kadhaa kwa waya mmoja, na hizo risiva nyingi za kawaida haziziongozi. Hata ulenge vipi itakuambia hakuna mawimbi.

Risiva nayo iwe ya DVB-S2 na MPEG-4, ile mifumo mipya ya kurusha na kubana picha. Zile za zamani za MPEG-2 zinakamata chaneli chache mno siku hizi.

Mama wa Machame

Habari zenu. Niongee kwa upande wetu wa milimani, maana mafundi wanapanda huku wakishaona migomba wanasema haiwezekani. Migomba haina shida yoyote kama dishi liko juu ya bati, setilaiti ziko juu mno kuzibwa na mgomba. Kwangu kilichoziba ni mparachichi. Fundi mmoja alitaka tuukate wote nikakataa, mti unatulisha. Kijana wa jirani akasimama pale dishi lilipo, akainua mkono hadi usawa ule wa nyuzi 53 kwa kutumia programu ya dira ya simu, akaonyesha tawi moja. Tumekata hilo tawi tu.

Sasa baba mkwe anapata ibada zake na habari za dunia. Mzee haoni vizuri, anasikiliza zaidi ya kutazama, na tangu hapo ameacha kuniuliza kila mwisho wa mwezi kama tumelipia. Kwangu hilo ni kubwa kuliko idadi ya chaneli.

Swali: mbona ITV na TBC sizipati?

Fundi wa Pasua

Mama, hizo usizitafute kwa dishi. Tangu analojia izimwe kwetu 2013, chaneli za ndani za bure zinabebwa na ving'amuzi vya antena, na mwaka 2018 kadhaa ziliondolewa kwenye vya setilaiti vya kulipia kwa sababu ya masharti ya leseni. Weka antena ya kawaida na king'amuzi cha ardhini kwa ajili ya taarifa ya habari ya nyumbani, dishi liwe la mambo ya nje. Viwili hivyo vinakaa kwenye TV moja bila kugombana. Mteja asiambiwe dishi litampa kila kitu.

Mwalimu mstaafu, Marangu

Nawasalimu vijana. Nataka kuongeza jambo moja ambalo sijaona likisemwa. Kila mwaka mwezi Machi na mwezi Septemba, siku zile mchana na usiku vinapolingana, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti. LNB inapokea kelele za jua zinazomeza mawimbi ya TV na picha inakatika kwa dakika chache. Kwa huku kwetu, ya 68.5 inakatika kama saa nne asubuhi, ya 7 inakatika saa tisa alasiri au kabla yake kidogo. Hudumu siku chache kisha basi. Nimewaona watu wakiita fundi siku hizo, naye anapanda, anagusa gusa, picha inarudi yenyewe, analipwa. Msubiri tu.

Na jambo hilo hilo linaweza kuwa dira yenu. Kwa madishi makubwa ya duara yenye LNB katikati, siku hizo na saa hizo kivuli cha LNB kinaangukia kitovuni mwa dishi kama limelenga sawa. Kwa hiyo unaweza kuinamisha na kugeuza dishi hadi kivuli kikae katikati, ukafunga nati, ndipo ukawashe risiva. Wanafunzi wangu wa fizikia tulifanya hivyo shuleni bila mita yoyote, na somo la jua na ikweta halikuhitaji ubao siku ile.

Angalizo kwa wanaopaka rangi madishi yenye kutu: msitumie rangi inayong'aa. Dishi linalong'aa linakusanya na mwanga wa jua pia, na LNB inaungua kifuniko. Tumieni rangi iliyofifia.

Mkazi wa Sakina

Shikamoo Mwalimu. Hili la kivuli nimelisikia leo kwa mara ya kwanza, asante sana. Septemba nitalijaribu.

Dada wa Njiro

Kwangu tatizo lilikuwa nusu ya chaneli. Zilizopo zilikuwa safi, zilizokosekana hazikuja kabisa hata kwa blaindi skani, pale risiva inapotafuta yenyewe masafa yote. Risiva inaipa LNB volti 13 kwa chaneli za upande mmoja wa mawimbi na volti 18 kwa upande wa pili. Nikachukua mita ya fundi umeme, nikapima mwisho wa waya kule juu: 13 inafika, 18 haifiki, inaishia 14 na kitu. Waya ulikuwa umeungwa mara kadhaa kwa kuvuliwa na kusokotwa, umefungwa selotepu, na ndani shaba imekuwa ya kijani. Nimeweka waya mmoja mzima usio na kiungo, chaneli zote zikaja. Kila mnapounga au kuchomoa waya wa LNB zimeni risiva kwanza, nywele moja ya shaba ikigusa upande wa pili mnaweza kuiua.

Mdau wa Kijenge

Wenye C band mjini muangalie hili. 5G inatumia masafa ya karibu na 3.5 GHz na C band yetu inaanzia 3.4. Ukiwa jirani na mnara, chaneli za masafa ya chini zinakatakata wakati za masafa ya juu zimetulia. Kuna kichujio kinachowekwa kati ya LNB na mdomo wake. Kama hukipati, shusha dishi kutoka juu ya bati ulikalishe chini, nyumba iwe kati yake na mnara. Mimi nimefanya hilo la pili na zimetulia.

Fundi wa Unga Limited

Mambo mawili mafupi. Dishi kubwa likilenga ya utosini linakaa kama sinia na mvua za Aprili zinalijaza. Toboa tundu dogo kitovuni, halipunguzi chochote. Na kila LNB ya zamani mnayookota, chungulieni mdomoni kabla ya kuifunga. Nyigu wanapenda kujenga mle ndani, na tope lao lililokauka linazuia mawimbi kabisa. Kifuniko kikipotea, funika kwa kipande cha plastiki chembamba, kamwe si karatasi ya foili.

Chalii wa Ngarenaro

Wakubwa, kamekubali! LNB mpya, nimekalenga magharibi, nikaizungusha ile robo kama fundi wa Pasua alivyosema, kwoliti ikaruka. Kuna chaneli wazi na nyingine zina alama ya dola, yaani za kulipia, hizo nimezifuta. Sasa nimepata kengine kama hako, nataka kakae 68.5. Lazima ninunue risiva ya pili?

Mkazi wa Sakina

Hongera sana chalii yangu. Huhitaji risiva ya pili. Nunua swichi ya DiSEqC ya matundu manne, inaunganisha LNB hadi nne kwa risiva moja. Waya wa dishi la magharibi weka tundu la 1, la mashariki tundu la 2, na kwenye menyu ya risiva kila setilaiti uiandikie namba yake hiyo hiyo. Ziandike namba kwenye nyaya kwa kalamu kabla hujapanda juu, na swichi uifunge chini ya paa isinyeshewe. Kale ka pili kalenge kwanza moja kwa moja bila swichi, kakishakamata ndipo ukaunganishe. Orodha ya masafa utaikuta kwenye tovuti ya LyngSat, angalia tarehe ya mabadiliko maana chaneli zinahama.