Paipu za mpira za breki: mpya, za mtumba au za waya?

Dereva_Kisauni: Salaam aleikum wakuu. Gari langu, Toyota Fielder, nikikanyaga breki inavuta kushoto. Paipu ya mpira ya mbele kulia ina nyufa karibu na kichwa cha chuma. Ninunue mpya, nichukue iliyotolewa kwenye gari la Japani, au zile zilizovikwa waya?

MtuWaLikoni: Ya mtumba usiiguse. Mpira huzeeka hata gari likiwa limelala, na hujui imekaa miaka mingapi. Mpya huwa na tarehe ya kutengenezwa. Isome kabla hujatoa pesa.

Nyali_Rally: Mie nimefunga za waya. Ndani teflon (plastiki ngumu laini), nje nyuzi za chuma cha pua, pedali imekaza vizuri sana.

FundiChangamwe: Za waya ni nzuri, ila mchanga ukipenya kwenye nyuzi unaisaga teflon polepole na wewe huoni kitu. Ukizitaka, tafuta zilizofunikwa plastiki juu. Kwa gari la kazi za kila siku, mpira mpya unatosha kabisa.

Dereva, kwanza hakikisha ugonjwa. Ikunje paipu kidogo kwa vidole. Ukiona nyuzi za ndani, hapo hakuna mjadala. Halafu mtu akanyage pedali na wewe uitazame: ikivimba popote, gari lisitoke.

Kuna ubovu mwingine hauonekani kwa nje. Mpira wa ndani hufura au huchanika, mafuta ya breki yakapita kwa nguvu ya mguu lakini yasirudi. Gurudumu linabaki limeshikwa na rimu inachoma. Likishika hivyo, lipige jeki, ulegeze nati ya kutolea hewa iliyo kwenye breki ya gurudumu hilo. Likiachia, presha ilikuwa imenaswa, na mara nyingi mkosaji ni paipu. Lisipoachia, geukia kalipa, kile chuma kinachobana pedi za breki. Watu wananunua kalipa bure kwa kuruka hatua hii!

Dereva_Kisauni: Shukran fundi. Nibadilishe hiyo moja tu?

FundiChangamwe: Zote mbili za mbele, zimezeeka pamoja. Washa (pete) za shaba za kwenye maungio ya paipu ziwe mpya. Kalipa ifunge kwa waya, isining'inie kwenye paipu. Na kwa hii chumvi yetu ya bahari, nati za paipu za chuma huwa zimeshikana kwa kutu: zipulizie dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi, utumie spana maalumu ya nati za paipu za breki, si pulaizi. Paipu isikae imejisokota. Ukimaliza kutoa hewa, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote uone haigusi tairi.

MtuWaLikoni: Mafuta ya breki weka yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha tanki lake, aina ya DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Yale huvuta unyevu, na hewa ya hapa unaijua.

Nyali_Rally: Yakimwagikia bodi, mwagia maji mengi papo hapo. Yanakula rangi.