Mzee kaniuliza kama yule bibi alipona. Nimjibu nini?

Kitinda Mimba wa Nyegezi
Wakuu habari za jioni. Maelezo ni marefu kidogo, mnivumilie.

Nipo Nyegezi, Mwanza, naishi na wazazi. Mama alipata kiharusi mwaka jana mwezi wa nane. Upande wa kulia wote ukalala na maneno yakaondoka, likabaki moja tu: "haya". Akiwa na njaa, haya. Akifurahi, haya. Ukimkera, haya haya haya mpaka utoke chumbani. Anayemuuguza ni mzee. Alikuwa fundi mitambo kwenye meli za Bukoba, mtu wa ratiba, na ratiba yake siku hizi ni kumgeuza mama kila baada ya saa mbili asije akatoka vidonda vya kulala. Mchana na usiku. Kitochi, kisimu chake kidogo, kikilia kengele anainuka. Ukimwambia "baba, leo acha nimgeuze mimi" anakutazama kama umemwomba ufunguo wa injini.

Jumamosi iliyopita dada alikuja kutoka Dar na kaka akaja kutoka Geita (tangu Daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe mwaka 2025 huyu bwana anatokea tu bila taarifa, hana tena kisingizio cha kivuko). Nikaona tukiwa wote hivi tuangalie kitu. Rafiki yangu wa pale chuo kikuu cha SAUT alikuwa kanipa fleshi yenye filamu inaitwa Amour (yaani "Mapenzi"), ya Michael Haneke, ya mwaka 2012. Nilichojua ni kwamba imezoa tuzo, na kwamba inahusu wazee wawili wa Paris, walimu wa muziki waliostaafu, mke anapata kiharusi na mume anamuuguza nyumbani. Nikasema hii si ndiyo sisi kabisa? Kosa langu ni kwamba sikuitazama kwanza peke yangu.

Ni ya Kifaransa, maandishi ya chini Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa natafsiri kwa sauti. Tumeanza saa mbili na robo. Mzee alikuwa bado anamnywesha mama uji, akaja kukaa dakika kumi zimeshapita. Saa nne kitochi kikalia, akaenda kumgeuza mama, akakuta kuna na usafi wa kufanya, akachelewa. Aliporudi tulikuwa tumeshazima runinga na tunagombana.

Walioiona wanajua ninachotaka kusema. Filamu inaanza kwa zimamoto kuvunja mlango na kumkuta yule bibi amelazwa kitandani, amekufa, amezungushiwa maua. Mzee hakuiona sehemu hiyo. Na karibu na mwisho yule babu anamsimulia mkewe hadithi ya utotoni, anamtuliza, halafu anachukua mto na kumziba nao uso mpaka anakata roho. Mzee hakuiona hiyo pia. Ameona katikati tu: mwanaume anamwinua mkewe, anamlisha, anamwosha, anamfanyisha mazoezi ya mguu.

Dada alilia, halafu akanigeuzia kibao kwamba nimeleta filamu makusudi kumsema yeye. Maana humo kuna binti wa wale wazee, anaishi mbali, kila akija ni machozi na maswali "mna mpango gani", na baba yake anamwambia wasiwasi wako haunisaidii kitu. Kaka yeye kasema Wazungu hawana ndugu, hiyo isingetokea Usukumani, kisha akaenda zake kulala. Mimi sijui hata nilihisi nini. Nilikuwa nimeacha kutafsiri bila kujijua.

Sasa asubuhi yake mzee yuko nje anafua mashuka, ananiuliza: "Yule bibi alipona?"

Nikasema nitakuwekea umalizie. Leo siku ya tano ananidai ile fleshi. Nimpe? Nimdanganye? Nimwambie imeharibika?

Kapteni wa Kochi
Mwambie alipona, wakahamia Bukoba wanalima ndizi. Next... samahani, anayefuata!

Fundi Dishi Kirumba
Mkuu pole na mama. Hiyo filamu naijua kwa sababu iliwahi kunitia hasara. Nina banda umiza, la kuonyesha mpira na filamu. Siku moja mechi iliahirishwa, nikasema niwape kitu cha tuzo, si wanasema tuzo ni ubora. Kiingilio mia tano. Dakika ya ishirini mtu wa kwanza akauliza mbona hakuna muziki. Ni kweli, haina muziki wa kuwekwa juu, unasikia piano pale tu mtu anapoipiga au anapowasha redio yake ya santuri. Ya arobaini wakaanza kudai hela zao. Yule jamaa wa kutafsiri filamu kwa sauti ningemleta angekufa njaa, watu wanakaa dakika tatu bila kusema neno! Nikaweka ya Kichina, wakatulia.

Ila mama mmoja muuza dagaa wa mwaloni, aliyekuwa kaingia kujikinga na mvua tu, alinifuata kesho yake akasema ile ya wazee utaiweka lini tena. Sikumuuliza kwa nini.

Mlinzi wa Zamu
Ifute. Uhai anautoa Mungu na anautwaa Mungu. Filamu inayomfundisha mtu kuua mgonjwa wake kwa mto halafu inaitwa "Mapenzi" ni ya kishetani, na hata kwa sheria zetu hilo ni kosa la kuua, awe mgonjwa amekuomba au hajakuomba. Unampelekea baba yako ambaye halali usiku? Una akili wewe?

Santuri Kuukuu
Mlinzi, punguza jazba. Filamu haifundishi, inaonyesha. Ndiyo maana Haneke ameanza na maiti: hataki ukae kusubiri kama atapona, anataka utazame siku zenyewe zinavyokwenda. Na ukitoka hapo kwenye zimamoto unapelekwa ukumbini kwenye onyesho la piano, lakini kamera haimwonyeshi mpiga piano, inawatazama watazamaji tu. Dakika nzima sisi tunawaangalia watu wanaoangalia. Mimi nadhani alijua tutakuja kugombana hivi hivi.

Kwa wasiojua uzito wake: ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2012, ikiwa ya pili kwa Haneke baada ya ile ya 2009, na mwaka 2013 ikachukua Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni kwa niaba ya Austria ingawa wanaongea Kifaransa. Emmanuelle Riva, yule bibi, aliteuliwa mwigizaji bora wa kike akiwa na miaka 85. Wakati huo hakuna aliyewahi kuteuliwa kwenye kundi hilo akiwa na umri mkubwa kuliko yeye. Jean-Louis Trintignant, yule babu, alikuwa na miaka 81. Hawa hawakupakwa unga kichwani wakaambiwa zeekeni.

Mpe mzee fleshi. Mtu mzima hafichwi.

Kapteni wa Kochi
Yaani sisi ambao hatujaiona mmeshatumwagia mwanzo, kati na mwisho. Ahsanteni sana.

Mama Pacha Igoma
Nilimuuguza mama yangu miaka minne, kwa hiyo nitasema bila kuremba.

Hiyo filamu niliitazama kwenye simu, vipande vipande, siku tatu. Kilichonishinda sicho hicho cha mto mnachobishania. Ni pale bibi anapotema maji na babu anamzaba kofi. Mimi lile kofi nimelipiga. Mama alinitemea uji mara ya tatu, nilikuwa sijalala tangu juzi, mkono ukatoka wenyewe. Sikumwambia mtu hadi leo ninapoandika hapa kwa jina la bandia. Nilipoona vile nilizima simu, nikatoka nje, nikakaa kwenye ndoo mpaka alfajiri.

Ndugu zangu walioitazama walisema ni filamu nzuri lakini inachosha. Sawa. Walikuwa wanakuja Krismasi.

Mleta uzi, suala la fleshi liweke pembeni kidogo. Baba yako anaamka mara ngapi usiku? Amelala saa sita mfululizo mara ya mwisho lini?

Kitinda Mimba wa Nyegezi
Mama Pacha, pole na asante. Anaamka saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Tangu mwaka jana. Nikijaribu kumtangulia ananikuta mlangoni.

Nimesahau kitu. Yule bibi kwenye filamu akizidiwa anakuwa anaita neno moja tu, "inauma, inauma", na nesi anasema msilitilie maanani, linatoka lenyewe. Hapo mzee alicheka. Akasema "mama yenu afadhali, yeye anakubali kila kitu."

Sista wa Wodi
Mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo, hospitali siitaji. Kitu kimoja kuhusu filamu, halafu nirudi kwa mama.

Kwa ugonjwa wenyewe wamepatia. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo kinalaza mwili upande wa kulia, na mara nyingi kinaondoka na lugha. Neno moja linaweza kubaki na kutoka kwa kila jambo, si kiburi wala si kutupiwa kitu na jirani. Na mtu anaweza kuwa anaelewa mengi kuliko anavyoweza kusema, kwa hiyo muache kumjadili mama mbele yake kama hayupo. (Sijasema mnafanya. Karibu wote hufanya.)

Ila yule babu anavyomwinua mkewe, kumkumbatia na kujikokota naye kama wanacheza muziki, msiige. Ni pazuri kutazama lakini ndipo migongo ya wazee inapokatikia. Kiti kiwekwe upande wake wenye nguvu, yaani kushoto. Mfungeni kitenge kiunoni mpate pa kushika. Anayemwinua akunje magoti yake na ayazuie magoti ya mgonjwa, hasa lile dhaifu, lisikunjike ghafla. Na msimvute mkono wa kulia hata siku moja, bega lililopooza linateguka kirahisi. Kugeuza kila saa mbili mzee yuko sahihi kabisa, mpongezeni. Lakini hiyo ni kazi ya zamu. Wodini hatumpi mtu mmoja miezi yote hiyo.

Mstaafu wa Nansio
Mwanangu, mimi ni rika la baba yako, nipo Ukerewe, mke wangu nilimzika mwaka wa pili sasa. Nimesoma yote.

Nyinyi vijana mnabishana kama mtoto apewe kisu au asipewe. Baba yako si mtoto. Amekuuliza swali, mjibu. Lakini usimpe hiyo fleshi akatazame peke yake usiku na mgonjwa yuko chumba cha pili. Mambo kama hayo tuliyasikia kwa midomo ya watu, mchana, tumekaa. Msimulie. Ukifika pagumu atakuona usoni, na wewe utamwona usoni. Runinga haimtazami mtu.

Halafu nyamaza. Usimuulize "baba unajisikiaje".

Mlinzi wa Zamu
Hapo kwa mzee wa Nansio nakubali. Ila ifute ukimaliza.

Kitinda Mimba wa Nyegezi
Marejesho, wakuu.

Jana Jumapili dada alikuwa ndani na mama, nikamfuata mzee nje akiwa anaparua sato. Nikamwambia baba, yule bibi hakupona. Nikamweleza yote, nikaanzia na zimamoto. Nilipofika kwenye mto sauti ilinikwama, nikamaliza hivyo hivyo.

Hakusema kitu. Akageuza samaki upande wa pili, akaendelea kuparua. Muda ukapita mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akauliza: "Yule njiwa je?"

Kuna njiwa anaingia ndani kwa dirisha, babu anamfukuza, hiyo mzee aliiona. Nikamwambia alirudi, babu akamkamata kwa blanketi, lakini kwenye barua yake aliandika kwamba alimwachia. Mzee akasema "hm."

Akauliza tena: "Na wale manesi, si alimfukuza mmoja?" Nikasema ndiyo, yule aliyekuwa anamchana nywele kwa nguvu. Akasema, "Angetafuta mwingine." Akanawa mikono, akaingia ndani.

Nikafikiri yameisha. Jioni wakati wa kula anaongea huku anatazama sahani yake, hakumtaja mtu jina: "Saa nne na saa kumi zangu. Saa sita huyu aliyetoka Dar mpaka atakapoondoka. Saa nane wewe." Dada akafungua mdomo, akaufunga. Mama, tulikuwa tumemketisha pale pale, akasema haya.

Sasa hivi ni saa nane kasoro dakika kumi, kitochi kiko mfukoni kwangu, na mzee anakoroma mpaka bati linaitikia. Sijawahi kumgeuza peke yangu. Sista wa Wodi kama uko macho, naanzia wapi?

Sista wa Wodi
Niko zamu. Mwambie kwanza kwamba ni wewe, taja jina lako, usimshtue. Kunja goti lake la kulia, mkono mmoja nyonga, mwingine nyuma ya bega, mviringishe kuja kwako. Mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti.

Na mkono wa kulia usivute.