Ukingo wa Magharibi: mvua inanyesha kwao, mbona mabomba makavu?

Msoma_Ramani
Wakuu, naomba ufafanuzi. Sehemu kubwa ya mvua inayojaza hifadhi ya maji ya milimani, ile inayopita chini ya Israel na Ukingo wa Magharibi, hunyesha upande wa Wapalestina. Lakini kiangazi Hebron na Bethlehem watu hupata maji kwa zamu na kuishi kwa matangi ya juu ya paa. Tatizo ni jiolojia, mkataba au miundombinu? Nataka takwimu na utaratibu.

Kina_Kirefu
Anza na mkataba. Kifungu cha 40 katika kiambatisho cha kiraia cha Oslo II (mkataba wa mpito kati ya Israel na Wapalestina, Septemba 1995) kinataja mabonde matatu ya hifadhi hiyo na kiasi cha kila upande kwa mwaka, kwa mita za ujazo:

Magharibi: Israel milioni 340, Wapalestina milioni 22.
Kaskazini-mashariki: 103 kwa 42.
Mashariki: 40 kwa 54, na milioni 78 zilizobaki za kuendelezwa.

Jumla ni milioni 483 kwa 118. Kipindi cha mpito kilipangwa kuwa cha miaka mitano na kwisha 1999. Mkataba wa mwisho haukupatikana, kwa hiyo mgawo ule ule unatumika hadi leo. Sensa ya Palestina ya 1997 ilihesabu watu takriban milioni 1.9 Ukingo wa Magharibi. Ya 2017 ilikuta zaidi ya milioni 2.8. Watu wameongezeka, mgawo umebaki pale pale. Mto Jordan nao Wapalestina hawachoti tangu 1967, Israel ilipouteka Ukingo wa Magharibi.

Fundi_Bomba
Naongezea utaratibu, maana hapo ndipo miradi hufia. Kisima kipya hupelekwa kwenye Kamati ya Pamoja ya Maji ya Israel na Wapalestina. Wajumbe ni sawa kwa sawa na uamuzi ni kwa maafikiano, hivyo upande mmoja ukikataa, mradi umekwama. Na hiyo ni hata kisima kikiwa Eneo A, lililo chini ya Mamlaka ya Palestina (Oslo II iligawa Ukingo wa Magharibi kuwa maeneo A, B na C). Kamati haina kauli juu ya visima vya ndani ya Israel, kwa hiyo usawa wake ni wa viti tu.

Ukipita hapo, bomba, tangi au kituo cha pampu kikigusa Eneo C, ambalo liko chini ya udhibiti wa Israel na ni kama asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, unahitaji kibali kingine cha Utawala wa Kiraia wa jeshi la Israel. Maeneo A na B yamekatika vipande vipande, na ni nadra bomba kuu kuunganisha miji miwili bila kuvuka C. Kinachojengwa bila kibali huko kinaweza kubomolewa, yakiwemo mabirika ya kukinga mvua.

Kuanzia 2010 kamati ilikwama kwa miaka kadhaa, kwa sababu Wapalestina walikataa kuidhinisha mabomba ya makazi ya walowezi. Makubaliano ya Januari 2017 yaliruhusu kulaza mabomba bila idhini ya kamati. Visima bado vinaihitaji.

Mizani
Jiolojia isipuuzwe. Bonde la magharibi hutiririka kuelekea tambarare, na chemchemi zake kubwa, Yarkon na Taninim, ziko ndani ya Israel. Israel ilikuwa inayatumia maji hayo kabla ya 1967, na ndiyo hoja yake kuu. Wapalestina hujibu kwamba mvua inanyeshea milima yao. Isitoshe, mkataba uliwaelekeza wachimbe zaidi bonde la mashariki, ambako kisima hushuka mamia ya mita na pampu inakula umeme mwingi.

Kuna hasara za ndani pia: karibu theluthi ya maji ya mtandao wa Palestina hayalipiwi, kwa uvujaji, miunganisho haramu na mita mbovu. Pengo hufidiwa kwa kununua kutoka Mekorot, kampuni ya maji ya taifa ya Israel.

Msoma_Ramani
Shukrani. Na Gaza? Iko kwenye hifadhi hiyo hiyo?

Kina_Kirefu
Hapana, Gaza inategemea hifadhi ya pwani. Mvua huirudishia takriban mita za ujazo milioni 55 hadi 60 kwa mwaka, na kwa miaka mingi kilichovutwa kilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukivuta kupita kiasi karibu na bahari, maji ya chumvi huingia kujaza nafasi. Majitaka nayo huongeza nitrati. Kwa hiyo hata kabla ya vita vilivyoanza Oktoba 2023 zaidi ya asilimia 95 ya maji ya hifadhi hiyo hayakufaa kunywewa. Viwango vya maji ya kunywa vya kulinganisha ni miligramu 250 za kloridi na 50 za nitrati kwa lita.

Kusafisha maji ya bahari kunahitaji takriban uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila mita ya ujazo. Ndiyo maana Israel ilipokata laini ya umeme ya mtambo wa Deir al-Balah Machi 2025, uzalishaji ulishuka papo hapo. Jenereta huendesha sehemu tu ya mtambo, na dizeli yake nayo hupita vivuko vya mpakani vinavyodhibitiwa na Israel.

Fundi_Bomba
Ukipata takwimu za lita kwa mtu kwa siku, angalia kama ni maji yaliyotoka chanzoni au yaliyofika bombani. Pande zote mbili huchagua ile inayowafaa. Na wastani wa Ukingo wa Magharibi huficha vijiji vya Eneo C visivyo na bomba, vinavyonunua maji ya boza kwa bei iliyo mara kadhaa ya ile ya mtandao.