Nataka kuandika vitabu vya watoto, hivi waandishi wanaishije?

BintiMkomani, Lamu
Assalam aleikum wadau. Mi ni mwalimu wa chekechea hapa Amu na huwa natunga hadithi zangu mwenyewe za darasani, sababu vitabu tulonavyo vingi ni vya watoto wa bara, mtoto anapanda basi la shule asubuhi kuna baridi amevaa sweta na gambuti, sasa hawa wangu basi la shule watalijulia wapi, wao wanajua punda na boti ya Mokowe. Basi nkaanza kuwatungia vya kwao, kuna moja ya punda anayegoma kupanda boti, nyengine ya paka wa gatini anayejifanya baharia, na wanazipenda kweli, nikimaliza tu wanadai nirudie. Sasa shangazi amenitia maneno kichwani ati niache kazi niandike vitabu tu kuna pesa huko. Mume wangu anasema shangazi ndo aanze kuacha kazi yeye. Swali langu, hawa waandishi wa watoto walifikaje walipofika? Kuna chuo cha kusomea? Na wanakula kwa vitabu kweli ama wote wana kazi nyengine pembeni? Nna miaka arobaini na kitu isije ikawa nshachelewa. Alafu kuna kampuni imenijibu ati wameupenda mswada wangu sana lakini nitoe elfu themanini ndo wauchape, hii ni kawaida?

nahodha_mstaafu
Wa aleikum salaam. Hio elfu themanini usitoe, hata ndururu usitoe. Mengine wenye ujuzi watakwambia.

edita_wa_zamani, Malindi
Mwalimu sikiza, nimehariri vitabu vya shule Nairobi miaka mingi kabla sijarudi nyumbani Malindi, nikwambie hesabu ilivyo alafu uamue mwenyewe.

Publisha wa kweli ndo anakulipa wewe, si wewe unamlipa yeye. Anagharamia uhariri, michoro, kuchapa na kuuza, na wewe unapata mrabaha, kwa kawaida kama asilimia 10 hivi, na mara nyingi si asilimia 10 ya bei ya dukani bali ya zile pesa zinazomfikia publisha. Tuseme kitabu ni shilingi 300. Duka linachukua punguzo lake, tuseme asilimia 30, zinabaki 210, chako ni shilingi 21 kwa nakala. Wakiuza nakala elfu moja, ambazo kwa kitabu cha hadithi cha Kiswahili si haba, umepata 21,000 na kodi ya zuio asilimia 5 inakatwa humo humo, na zinakuja mara moja au mbili kwa mwaka si kila mwisho wa mwezi. Na tangu 2013 vitabu Kenya vinatozwa VAT ya asilimia 16 kwahio mzazi akiona bei anarudisha kitabu kwa rafu. Ukishalijua hilo mwambie shangazi aje tuongee.

Pesa yenyewe iko shuleni. Kitabu kikipita KICD, ile taasisi ya serikali ya mitaala, kikaingia ile orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, walimu wanakitaja, wazazi wananunua, kinauzwa mwaka baada ya mwaka bila kelele. Lakini hupeleki wewe, anapeleka publisha na analipia, na kuna wakati wanaitisha vitabu vya gredi fulani tu, za kwako hazimo basi unangoja. Ndo maana sijawahi kumshauri mtu aache mshahara kwa ajili ya kitabu cha kwanza. Hata cha tatu.

Na ukiangalia waliofanikiwa wengi walikua na kazi, na hio kazi ndo iliwapa cha kuandika. Barbara Kimenye, yule wa vitabu vya Moses ambavyo tulisoma tukafichiana chini ya dawati, alizaliwa Uingereza 1929, akasomea unesi London, akaja huku Afrika Mashariki, akafanya kazi kwa serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, akawa mwandishi wa gazeti, na ule mzaha wake mkavu mi nauona ni wa gazetini kabisa. Marehemu Ken Walibora tulimjua akisoma habari kwa TV alafu akafundisha chuo kikuu, na Ndoto ya Amerika, kitabu cha watoto, kikampa Tuzo ya Jomo Kenyatta 2003. Chuo cha kusomea uandishi wa watoto hakuna aliyepitia kati ya hao. Wewe uko na darasa zima la wasikilizaji kila asubuhi, kuna waandishi Nairobi wangelipia hio nafasi.

mama_wawili_MLD
Edita umemwaga maji baridi hadi nami huku nimetetemeka 😂 Lakini dadangu kuhusu umri wala usijali. Roald Dahl unamjua? Huyu alikua mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell hapo Dar es Salaam miaka ya 1938 na 1939, Kiswahili alijifunza, vita vikaanza akaenda kurusha ndege za kivita akaanguka nayo jangwani Libya. James and the Giant Peach kilitoka 1961 ameshakaribia miaka 45, na hadithi alikua akiwasimulia wanawe wakilala. Na yule mama Judith Kerr, wa kitabu cha chui milia anayekuja kunywa chai, kilitoka 1968 ana umri huo huo, naye alikua akimsimulia bintiye kabla hajaandika chochote. Kabla ya hapo alifanya BBC. Aliendelea kuandika na kuchora mpaka miaka ya tisini na kitu. Sasa wewe wa arobaini na kitu unalia nini.

Mi naona kitu kimoja hapo, wote wawili hadithi ilipita mdomoni kwanza ndo ikaja kwa karatasi. Kama wako wanataka irudiwe basi hio usiiguse, nenda kaiandike vile vile unavyoisimulia.

MaalimFaza
Mama wawili umeenda mbali mpaka Uingereza. Sisi huku Mwana Kupona wa Pate alimwandikia bintiye utendi tangu 1858, kazi ya pembeni yake ilikua kuumwa kitandani, na mpaka leo watu wanausoma.

mama_wawili_MLD
Maalim ule ni wa mwari anayeolewa, ukimsomea mtoto wa chekechea atalala kabla ya beti ya kumi 😂

MaalimFaza
Si ndo unachotaka, alale.

BintiMkomani
Jamani nimecheka. Edita asante sana, hesabu ya shilingi 21 nimemwonyesha mume wangu amefurahi kupita kiasi. Sasa nauliza lengine, lugha. Hadithi zangu nasimulia Kiamu, wanasema nao hivo hivo, nikiandika sanifu zinapoa. Na michoro nitafute mwenyewe ama?

Kasa_wa_Mida, Watamu
Michoro niachie mimi nijibu, ndo kazi yangu.

Usitafute mchoraji kabla ya publisha, publisha ana wake na atalipa yeye. Ila kwa hadithi za huku simamia michoro kwa macho yako, na omba iandikwe kwa mkataba kwamba utaonyeshwa michoro ya penseli kabla haijatiwa rangi. Nakwambia kwa nini. Kuna kitabu kimoja cha jahazi nililetewa nikirekebishe, kimechorwa na mtu ambaye naamini bahari ameiona kwa kalenda. Jahazi limechorwa kama zile boti za wazungu, mlingoti umesimama wima kama nguzo ya stima, tanga limefungwa kwa mlingoti kuanzia chini mpaka juu, foromali, ule mti unaoshika tanga, hakuna. Nikakipeleka kwa watoto wa jirani kabla sijagusa kitu nione. Mmoja, babake ni mvuvi, akaangalia ukurasa wa kwanza akauliza "tanga limeshikwa na nini?" Basi. Hadithi ilikua nzuri wallahi lakini hawakusikiza tena, kila ukurasa wanatafuta kosa. Punda alikua na tandiko la farasi. Watoto wa Amu punda wanamjua na shogi mgongoni, ule mfuko wa mizigo, mchanga huku na huku, na huwezi kuwadanganya.

Kwahio ukipeleka mswada andika maelezo mafupi ya picha pale tu maneno hayasemi, na ambatanisha picha za simu, piga gati, piga punda na shogi lake, piga boti ikishusha abiria. Usimwelezee mchoraji kila kitu lakini, muachie kazi yake.

Kitu chengine hawakwambii, kitabu cha picha kwa kawaida ni kurasa 32, sababu karatasi kubwa ya kiwandani inakunjwa inatoa kurasa 8 au 16, kwahio ukileta hadithi ya kurasa 27 unampa mtu kazi. Toa ukurasa wa jina na wa hakimiliki na hizo nyengine, unabaki na kama mikunjuo 12 hadi 14 ya hadithi, yaani kurasa mbili mbili zinazotazamana. Mi nawaambia waandishi wachukue karatasi nane za kawaida wazikunje kati, washone na uzi, waandike humo kwa penseli. Hapo utaona wenyewe kwamba punda anagoma ukurasa wa 6 na mpaka wa 20 bado anagoma, hakuna kilichobadilika, na ukifunua hakuna kinachokushtua. Mtoto anafunua ukurasa kwa sababu anataka kujua nini kiko nyuma yake. Ukishaweka jibu kwa ukurasa huo huo wa swali, umempa ruhusa ya kwenda kucheza.

edita_wa_zamani, Malindi
Kasa amesema kweli tupu. Naongeza kuhusu urefu, watu wanadhani kuandikia wadogo ni rahisi. Dr. Seuss, ambaye kazi yake ilikua matangazo ya dawa ya wadudu ya Flit kabla ya kutajirika na vitabu, aliwekeana dau na publisha wake, aliyesema Seuss hawezi kuandika kitabu kwa maneno 50 tofauti tu. Akaandika, kikatoka 1960, Green Eggs and Ham. (Ya kwetu tutabadilisha hio ham, nyama ya nguruwe, tuweke mahamri.) Jaribu wewe uone kama utatoka na maneno hamsini bila kuanza kuongea peke yako jikoni.

Lugha sasa. Kitabu cha kupeleka KICD andika sanifu, hio haina mjadala. Lakini mazungumzo ya punda na nahodha yaache na ladha kidogo, edita mwenye akili hatayafyeka. Kama unataka Kiamu kitupu kuna African Storybook, ya taasisi ya Afrika Kusini iitwayo Saide, tovuti yake imekuwepo tangu 2014, unaweka hadithi kwa lugha yoyote ya Afrika, watu wanasoma bure na wanatafsiri. Ila uelewe, leseni yake ni huria, mtu akiichukua akaichapa akaiuza anaruhusiwa almuradi ataje jina lako, na hulipwi.

mama_wawili_MLD
Sasa aweke ama asiweke?

edita_wa_zamani, Malindi
Mi ningeweka moja, ya paka, nipate jina na nione walimu wengine wanaitumiaje. Ya punda ningeificha, hio ndo inayouzika. Kabla ya kumtumia mtu yeyote aisajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni onlaini siku hizi.

nahodha_mstaafu
Na ile kampuni ya elfu themanini je?

BintiMkomani
Niliwauliza vitabu vikichapwa vitakua vyangu vyote nikauze mwenyewe, wakasema hapana, vitakua vyao na watanipa nakala 20. Nikauliza mrabaha, wakasema tutazungumza baadaye.

Kasa_wa_Mida, Watamu
Yaani ulipe, uandike, alafu wauze wao. Hapo hata kuchapa mwenyewe ni afadhali, unaenda kwa mwenye mashine Mombasa na pesa hizo, unachukua ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, kutoka maktaba ya taifa, vitabu vinaletwa kwako vyote. Shida itakua kuvibeba shule kwa shule, na hio ni kazi ya mtu mzima, nimeiona ikimshinda mwenye gari sembuse mwenye punda.

BintiMkomani
Nishawajibu hapana. Edita, nikipata publisha wa kweli kwa mkataba niangalie nini zaidi ya asilimia?

edita_wa_zamani, Malindi
Angalia haki wanazochukua. Wengi wanaandika haki zote, lugha zote, dunia nzima, na hakimiliki Kenya inaishi mpaka miaka 50 baada ya wewe kufa, kwahio unasaini mpaka ya wajukuu. Wape haki ya kuchapa kwa Kiswahili, tafsiri na katuni na redio ibaki kwako au mgawane kwa asilimia iliyoandikwa. Alafu tafuta kifungu kinachosema kitabu kikiisha sokoni na wasikichape tena kwa muda fulani, tuseme miaka miwili, haki zinarudi kwako. Kama hakipo omba kiwekwe, watanung'unika kidogo alafu wataweka. Na andika ni lini watakutumia hesabu ya mauzo, kwa tarehe, si "mara kwa mara".

BintiMkomani
Nimenakili yote. Kasa niko na picha za punda na shogi, nikutumie?

Kasa_wa_Mida, Watamu
Tuma inboksi. Na picha ya upande, si ya mbele tu, nione kamba ya tumboni inafungwa wapi.