Mjadala: Darubini ya mita 30 ing'ang'anie Mauna Kea ama ihamie La Palma?

Jamani, hii stori ya Hawaii mnaionaje? Wanasayansi wanataka kuweka darubini ya TMT, kioo cha mita 30, juu ya Mauna Kea, wenyeji wanasema mlima ule ni mtakatifu. 2015 walifunga njia, 2019 wakafunga tena mpaka wazee wakakamatwa. Mwaka 2025 Uhispania ikasema leteni kwetu, kisiwa cha La Palma, tutaweka hadi euro milioni 400. Mimi nasema wahame tu. Shida kubwa ya darubini za chini ni hewa inayotetemeka kama juu ya lami saa nane mchana, na hiyo siku hizi ina dawa, wanapiga leza ya rangi ya machungwa mpaka kilomita 90 juu kwenye tabaka la sodiamu, inatokea nyota ya bandia, kompyuta inasoma hewa imeipinda vipi alafu kioo chembamba kinajikunja kurekebisha, mara mia kadhaa kwa sekunde! Ile darubini nyingine kubwa, ELT ya Chile, kioo chake cha kujikunja kina visukumio zaidi ya 5,000. Sasa na mitambo kama hiyo kweli ni lazima mlima mmoja tu?

— Ssebo unarahisisha sana. Kioo kinatuliza mtikisiko, mvuke wa maji hakiugusi, na mvuke ndio unameza infraredi, mwanga ule usioonekana kwa macho, ambako hiyo teknolojia inafanya kazi vizuri zaidi. Mauna Kea ni mita 4,200, pakavu, La Palma haifiki hata 2,500. Andrea Ghez alipata Nobel 2020 kwa kufuatilia nyota zinazozunguka shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu, akitumia darubini ya Keck, iko hapo hapo juu Mauna Kea.

— Mimi wa Kasese. Huku Wakonzo wanajua mungu wao Kitasamba anakaa kwenye theluji ya Rwenzori. Mkileta greda kule juu alafu mnieleze habari za mvuke, tutaelewana kweli?

— Ya mvuke nakubali bwana, lakini inabana baadhi ya kazi, sio zote, na La Palma watu wa TMT waliichagua wenyewe 2016 kama mbadala! Hawawezi kusema panafaa wakiwa na shida, alafu hapafai wakiambiwa waende. Na huko Mauna Kea tayari zipo darubini za Keck, Gemini, Subaru na zingine, mwenye mlima ameshatoa vya kutosha. Anayebisha aniambie ni utafiti upi hasa utakufa La Palma, autaje kwa jina.