Naomba ushauri: aspirini yangu imezidi hesabu

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dodoma. Juzi maabara tulitengeneza aspirini. Nilianza na gramu 2.0 za asidi ya salisili, ambazo kwa hesabu haziwezi kutoa zaidi ya gramu 2.6 hivi. Mimi nikapima 3.1! Nahisi ilikuwa bado na maji, maana ilinata kwenye karatasi ya kuchujia, nami nikiwahi daladala. Vipimo vyenyewe niliviandika kiganjani kwa peni (msinicheke).

Mwenzangu anasema nifute niandike 2.3. Roho inasita. Niiache 3.1 na maelezo, au niombe kuikausha nipime upya? Na nyie mnachora majedwali ya daftari usiku wa kuamkia praktiko, au mnachora humohumo?